Ufukwe wa Entebbe: Ndege Juu, Samaki Chini

Mtu aondokaye Kampala kwa barabara ya Entebbe husafiri kiasi cha kilomita 40, na mwisho wa safari hulikuta Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Hapo ufukweni kipo kituo cha elimu ya wanyamapori, kilichoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima na kukabidhiwa kazi ya elimu mwaka 1994. Nyika, msitu na kinamasi, kila kimoja kina mahali pake. Watoto hunyamaza mbele ya korongo nyangumi, ndege wa kijivu mwenye mdomo mpana mfano wa kiatu.

Lakini ndege ni nusu ya habari ya ziwa; nusu ya pili imo majini. Je, atakaye kuonyesha nusu zote mbili mahali pamoja atajengaje?

Kwanza, hana budi kutenga maji. Kinyesi cha shakwe na mnandi huchafua bwawa upesi, na mnandi akiachiwa samaki wa maonyesho atawamaliza. Kioo kinene kiwatenge, ila macho ya mtazamaji yaone ziwa moja. Pili, mafunjo yapandwe, wala si kwa urembo tu, kwani mizizi yake hufyonza uchafu. Tatu, kamongo, ambaye ni windo kuu la korongo nyangumi, aachiwe njia ya kufika juu. Samaki huyu hupumua hewa. Akizuiwa, hufa maji.

Nne, sangara asichanganywe na nkejje. Fundisho hilo limetolewa na ziwa lenyewe. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na katika miaka ya 1980 akaongezeka mno. Alileta fedha za kigeni, lakini aina za nkejje zikadiriwazo kufika 200 zilitoweka. Hao ndio samaki wadogo ambao akina mama wa Buganda waliwakausha na kuwaponda, wakawalisha watoto waliodhoofishwa na surua au utapiamlo. Baadhi ya walionusurika walijificha ndani ya mafunjo, ambamo hewa ya majini ni haba na sangara hawezi kustahimili.

Mafunjo ya namna hiyo yamo Kampala kwenyewe. Maji machafu ya mji hupita mfereji wa Nakivubo, huchujwa kinamasini, kisha huingia Ghuba ya Murchison. Kutoka ghuba hiyo hiyo, huko Ggaba, huvutwa maji ya kunywa ya mji. Kila kipande cha kinamasi kinachofyekwa kwa magimbi au kufukiwa kwa nyumba hupunguza chujio hilo.

Basi askari apataye likizo na kuwapeleka watoto Entebbe, awaonyeshe pia mafunjo ya Nakivubo, awaambie kwamba maji ya mtungi wa nyumbani yamepita karibu na hapo. Kioo cha maonyesho kikivunjika hununuliwa kingine. Kinamasi hakiuzwi dukani.