Safari Ndefu ya Baiskeli

Yuko mtu adhaniye kwamba safari ndefu ya baiskeli ni kazi ya miguu tu. Sivyo. Huko Ufaransa kuna mwendo wa kutoka Paris mpaka Brest na kurudi, yapata kilomita 1,200, ulioanzishwa mwaka 1891. Mshindi wa kwanza, Charles Terront, alitumia saa 71 na dakika 22. Alimpita mwenzake usiku, naye amelala.

Siku hizi mwendo huo si wa mashindano, ila wapandaji hawapewi zaidi ya saa 90. Tena hakubaliwi mtu kuanza mpaka amekwisha maliza, mwaka ule ule, safari nne: kilomita 200, 300, 400, kisha 600. Katika hizo hujifunza kula kabla ya njaa, kuziba pancha gizani, na kujua saa ya kulala. Kwani motokaa ya kumsaidia njiani imekatazwa, isipokuwa vituoni, anapogongewa muhuri katika kadi yake. Akichelewa mwishoni, jasho lake lote halihesabiwi.

Basi atakaye kufika mbali na aanze karibu. Haba na haba hujaza kibaba.