Kalamu Ilivuja, Nikamlaumu Fundi

Ndugu msomaji, kuchafuliwa na wino si jambo la leo. Kadhi Al-Nuuman ameandika kwamba Al-Muizz, khalifa wa Kifatimi aliyetawala kuanzia mwaka 953 hadi 975, alitaka atengenezewe kalamu yenye wino ndani yake, isiyomwaga hata ikipinduliwa. Nami niliitamani kalamu ya namna hiyo siku moja ya mwaka 1979, mjini Tanga.

Mjane mmoja aliniomba nimwandikie karatasi ya mirathi. Mashahidi walikwisha tia sahihi. Nilipoinama kuandika tarehe, tone la wino likaanguka juu ya fungu la watoto. Ikabidi mashahidi waitwe tena kutoka shamba, na mama yule akangoja siku tisa zaidi.

Kalamu yangu ni ya zamani: ndani ina mfuko wa mpira, ubavuni ina kijiti cha chuma. Ukikiinua, mpira hubanwa. Ukikiachia, hufyonza wino kutoka chupani. Muda si mrefu kabla ya hapo fundi mmoja alikuwa amenibadilishia mpira. Basi jioni nikasema barazani, mbele ya watu, kwamba fundi yule ni mwizi.

Habari zikamfikia. Hakugomba. Alikuja kwangu akaifungua kalamu: mpira mzima, mkavu kwa nje, na wino umebaki robo tu. Akaifunga, akaielekeza nibu chini, akaishika kwa kiganja chote. Kitambo kidogo, tone likachomoza.

"Mwalimu," akasema, "pasipo na wino pana hewa. Hewa ikipata joto la mkono au la jua hutanuka, ikausukuma wino. Mpira hauna kosa."

Kisha akaijaza pomoni, akaishika vile vile. Halikutoka tone.

Tangu siku hiyo sisubiri wino ushuke hadi robo. Nikiisha kujaza, huminya matone mawili matatu yarudi chupani, huigeuza nibu juu, ndipo nikakiachia kijiti, kisha huifuta kwa kitambaa. Mfukoni huiweka nibu juu, wala siiachi juani. Mara kwa mara huisafisha kwa maji baridi, si ya moto. Nikisafiri kwa ndege, ambamo kanieneo ya hewa hupungua na hewa iliyomo kalamuni hutanuka, huijaza kabisa au huimwaga yote. Ikivuja baada ya haya yote, hapo ndipo huenda kwa fundi.

Nilirudi kwenye baraza ile ile, nikakiri kosa langu, naye akanisamehe. Doa la wino kwenye kanzu lilitoka kwa sabuni. Lakini neno nililomtupia fundi ilinibidi nilifuate kwa mtu mmoja mmoja, kwa maana wengine walikwisha lipeleka sokoni.

Ndugu yangu, kabla hujamlaumu mtu, tazama kwanza mkono wako.