Saa tatu gizani, na hakuna anayenyanyuka

UKITAKA kupima subira ya mkazi wa Nairobi, mketishe gizani kwa saa tatu mfululizo. Huyu ndiye yule anayemgombeza makanga matatu ikikawia dakika tano kwenye steji. Lakini mpe hadithi nzuri, kiti cha kuegemea na pakiti ya bisi, nawe utashangaa atakavyotulia kama maji mtungini.

Filamu ndefu si jambo geni jijini. Nenda Ngara ulione jumba la Sarakasi Dome, ambamo wanasarakasi hufanyia mazoezi. Zamani hilo lilikuwa Shan, jumba la sinema la wapenzi wa filamu za Kihindi. Na filamu hizo hazikuwa na haraka. Sholay, ya mwaka wa 1975, huchukua saa tatu na dakika 20 hivi. Ndani yake mna majambazi, treni, nyimbo, mapenzi, vicheko na msiba. Hata asiyejua neno moja la Kihindi aliweza kukifuata kisa kwa macho.

Siri ilikuwa mapumziko. Mkanda mmoja wa filamu za siku hizo ulidumu dakika 20 hivi, kwa hivyo picha ya saa tatu ilikuwa na mikanda tisa au kumi. Watunzi wa India waligawa kisa katika nusu mbili, na nusu ya kwanza ikakatika mambo yalipochacha. Taa zikiwaka, watu walinyoosha miguu, wakanunua sambusa na kubishana ni nani atakayekufa.

Filamu nyingi za Marekani hazikupi nafasi hiyo. Mwaka wa 2023 nilimpeleka mzee wangu kutazama Oppenheimer, filamu ya Christopher Nolan inayodumu saa tatu kamili, katika jumba moja la maduka jijini. Nyumbani sisi husalimiana, kisha yeye hurudi kwa redio yake nami kwa simu yangu. Tulisimama wimbo wa taifa ulipopigwa, tukaketi, taa zikazimwa.

Saa ya kwanza ilikuwa maneno matupu: wanasayansi, wanasiasa na wanajeshi. Katika saa ya pili miguu ilianza kufa ganzi, na hapa na pale niliona mwanga wa simu. Kisha likaja jaribio la bomu la atomiki, lililofanywa New Mexico mnamo Julai 16, 1945. Mwanga ulitangulia, mlio ukachelewa. Katika kimya kile sikusikia mtu akitafuna bisi. Mzee alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipokuwa nikivushwa barabara kwenda shule.

Ndipo nilipoelewa kazi ya urefu. Kishindo kile kingeonyeshwa katika dakika ya kumi, kingekuwa fataki tu. Baada ya saa mbili za kuwajua waliolitengeneza bomu lile, kilitutia hofu. Sikatai kwamba saa ya mwisho, ya mahojiano na kamati, ilinichosha mgongo. Lakini tukielekea steji mzee alizungumza njia nzima. Alinisimulia alivyopiga foleni Ngara alipokuwa kijana, akataja na nyimbo alizozikariri bila kujua maana. Sikuwa nimewahi kuyasikia hayo.

Nyumbani filamu kama hiyo hukatwa vipande. Simu inalia, chai inachemka, mgeni anabisha hodi, na mwisho wa kisa huonwa Jumatano. Gizani huwezi kuisimamisha picha, na jirani yako vilevile hawezi. Mnachoka pamoja na kushtuka pamoja.

Hata hivyo, panga safari yako. Filamu ya saa tatu ikianza saa moja jioni, utatoka saa nne usiku, na nauli huenda ikawa imepanda. Familia na wanafunzi wachague onyesho la alasiri. Kula kabla ya kuingia, usinywe soda kubwa, na watoto wadogo waanze na filamu yenye mapumziko.

Kisha zima simu. Na kama kuna mtu nyumbani ambaye hamjazungumza kwa muda mrefu, mkatie tikiti naye.