Mwamba Unaoishi Bila Kuzaa

Mto Themi unaopita Arusha huingia Kikuletwa, Kikuletwa humwaga maji yake Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo maji huitwa Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Vijana wa Daraja Mbili wanaponiuliza bahari inatuhusu nini sisi tulio chini ya Meru, naanza na njia hiyo ya maji. Mimi ni mzaliwa wa pwani ya Tanga. Nimezeekea hapa, lakini habari za mwamba wa matumbawe wa kwetu haziniachi.

Sisi tuliozaliwa kabla ya Uhuru tulirithi mwamba ulioshiba. Wazee waliyachoma matumbawe wakapata chokaa, wakajengea nyumba na misikiti. Katika ujana wetu ikaja baruti ya kuvulia samaki. Sheria iliikataza mwaka 1970, na milipuko ikaendelea miaka mingi baadaye. Tuliamini kilichovunjika kitaota tena, na kwa muda mrefu kiliota kweli, kwa sababu pembeni yake palikuwa na mwamba mzima wa kutoa mbegu.

Mwaka 1998 mambo yaligeuka. Mwishoni mwa kaskazi, bahari ikiwa imepata joto la El Niño, matumbawe yalipauka kuanzia Kenya hadi kusini mwa Tanzania. Kule Mafia, sehemu kubwa ya mwamba wa Tutia ilikufa. Dunia nzima ilipoteza takriban asilimia 16 ya matumbawe yake.

Tumbawe ni wanyama wadogo laini walioshikamana. Ndani ya nyama yao huishi vijimea visivyoonekana kwa macho, vinavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua; hadi asilimia 90 ya nguvu za tumbawe inaweza kutoka huko, na rangi yake pia. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu ya Selsiasi, yakakaa hivyo wiki kadhaa, vijimea hutolewa nje. Nyama hubaki kama kioo na mifupa myeupe huonekana. Bado ni hai. Joto likishuka mapema vijimea hurudi, rangi hurudi, na watu husema mwamba umepona.

Hapo ndipo kizazi changu kilipokosea hesabu. Tulihesabu matumbawe yaliyokufa na yaliyobaki, tukasahau kuuliza kama yaliyobaki yanazaa. Mkulima wa kahawa huku Meru anaujua mbuni uliopukutika majani kwa ukame: mvua ikinyesha unachipua vizuri, lakini mavuno hayapo. Tumbawe lililonusurika limekula akiba yake yote, na hata magonjwa hulipata kwa urahisi. Mayai yake huwa machache, au madogo, au hakuna kabisa, na hali hiyo yaweza kudumu mwaka au zaidi.

Usiku wa kuzaa, matumbawe mengi ya matawi hutoa vifurushi vya rangi ya waridi, kila kimoja kikiwa na mayai na mbegu za kiume. Vinapanda hadi juu ya maji, vinapasuka, na mayai yanangoja mbegu za jirani. Kwenye mwamba mkubwa wa Australia aina nyingi huzaa pamoja katika siku chache. Pwani ya Kenya watafiti walikuta uzazi umetawanyika katika miezi kadhaa. Majirani wakiwa wachache, na kila mmoja na wakati wake, mbegu hazikutani. Hata mtoto wa tumbawe akipatikana, anahitaji jiwe safi la kushika, na pono wanaokula mwani wakishavuliwa wote, mwani hutanda kila mahali.

Joto lilirudi mwaka 2016, likarudi tena 2024. Tumbawe la matawi linahitaji kama miaka kumi ya utulivu ili lijirudishe, sasa halipewi. Mwaka 2021 David Obura wa CORDIO, taasisi ya Mombasa iliyozaliwa baada ya janga la 1998, pamoja na wenzake, walionya kuwa miamba yote ya magharibi mwa Bahari ya Hindi iko hatarini kuporomoka ndani ya miaka 50. Vijana ninaoongea nao leo watakuwa hai kuyaona hayo.

Lakini kuna eneo lenye unafuu, kati ya Shimoni, Pemba na Tanga. Watafiti wakiongozwa na Tim McClanahan walieleza mwaka 2020 kwamba mabonde ya chini ya bahari, yaliyochimbwa zamani sana na maji ya Kilimanjaro na Usambara, huhifadhi maji baridi yanayoyakinga matumbawe. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini, kwa hiyo watoto wa matumbawe wanaozaliwa hapo waweza kufika miamba ya Kenya iliyokwisha kuungua. Mwamba huo wa kuzaa ndio wa kulindwa kabla ya mingine, dhidi ya baruti na nyavu za kukokota, na dhidi ya mafuta: bomba kutoka Uganda linaishia Chongoleani, Tanga, kando ya maji hayohayo. Vijana wanaosoma uhandisi na sheria hapa Arusha nawaomba wadai kujua meli ikivujisha mafuta pale nani atayazuia, kwa vifaa gani, na kwa saa ngapi.