Kabla Hujatia Saini

Columbus, Ohio

Mwanangu Hamisi,

Bibi yako kanipigia Ijumaa kutoka Tanga. Goti limepoa kidogo, ila anauliza mbona humpigii. Mpigie, na habari za mahakama usimwambie. Za gari nimezisikia kwa mkeo: gia zimekufa, kazini unatakiwa saa kumi na moja alfajiri, na kuna yadi huko Houston imekuahidi ufunguo siku hiyo hiyo. Ufunguo wa namna hiyo niliwahi kuushika.

Nilikuwa mwaka wa pili wa Chapta 13, mpango wa mahakama wa kulipa madeni kama huo wako, gari langu lilipozima Morse Road, theluji imefika vifundoni. Nikaenda yadi isiyomuuliza mtu madeni yake, nikatoa kianzio cha dola 900, nikatia saini mkopo wa riba ya asilimia 24. Wakili nikamficha, kwa aibu tu. Akaja kuligundua kwenye karatasi za bima. Gari nikalirudisha, zile 900 zikabaki kule kule. Mpaka leo nikipita pale nageuza uso.

Sasa nisikilize. Ukiwa ndani ya mpango ule wa miaka mitatu hadi mitano, gari la mkopo hulichukui bila idhini. Kwingine anaitoa jaji, kwingine msimamizi wa mpango. Wakili wako anajua ya huko. Mpigie kesho asubuhi. Yadi ikuandikie bei, riba na malipo ya kila mwezi, yeye apeleke ombi pamoja na bajeti yako mpya, waone kwamba malipo ya mpango hayatayumba. Na hilo bovu usiliuze kimyakimya, hasa kama bado lina deni. Omba gari la kukufikisha kazini. Lile refu jeupe ulilonitumia picha, lisahau. Mimi niliishia na Corolla kuukuu, mlango mmoja rangi yake mbali, na ndilo lililonipeleka hadi malipo ya mwisho.

Idhini yangu ilichukua wiki tatu. Nilipanda gari la mwenzangu wa kazini, namtilia mafuta kila Jumatatu na maandazi juu yake. Wewe unaye yule rafiki yako wa Mombasa. Mwombe, usione haya. Hela ya mafuta nakutumia mimi, na sikukopeshi.

Mkeo najua anasoma hapo begani kwako. Mama, hiyo kalamu mfichie mpaka wakili apige simu.

Shangazi yako