Ndizi za Mwika, bei ya Mabibo

Nilipokuwa mdogo, mkungu wa ndizi haukusafiri mbali. Mama aliukata jioni, alfajiri akajitwika, na jua likichwea ulikuwa jikoni kwa mtu wa tambarare aliyepanda mlima na mahindi, magadi na ulezi. Sisi wa migombani ulezi tuliutegemea kwao, na pasipo ulezi hakuna mbege, pombe yetu ya ndizi. Wao ndizi walizitegemea kwetu. Tukakutana gulioni Mwika, kwetu mlimani, tukalishana.

Kahawa ilikuwa ya baba, pamoja na chama cha ushirika na fedha yake. Ndizi zilikuwa za mama. Ndizo zilizonunua chumvi, mafuta ya taa na daftari zetu, na hakuna aliyemwuliza amebakiza ngapi.

Kipimo kilikuwa sado, kopo la rangi lililokwisha kazi yake. Muuzaji wa ulezi anajaza mpaka kinasimama kilemba, mama hatoi hela. “Ongeza, baba, nina watoto.” Anaongezewa konzi, naye anatazama pembeni kana kwamba haijamfika, hadi inakuja ya pili. Wajanja walikuwa wakigonga kitako cha kopo kiingie ndani, kwa hiyo mama alipapasa chini ya sado kwanza, salamu baadaye.

Mwaka 1989 makubaliano ya mgawo wa kahawa katika soko la dunia yalivunjika, bei ikaporomoka, na miaka ya 90 wapo wanaume waliong'oa mibuni. Hapo ndipo ndizi za akina mama zilipoonekana ni mali. Yakaja malori, na nyuma yake madalali. Siku hizi Fuso linajazwa Mwika, linashusha Mabibo, Dar es Salaam, pale wanapopaita Mahakama ya Ndizi, na bei ya huku inapangwa kwa simu kutoka kule.

Silaani malori. Zamani msimu wa neema ndizi ziliwaivia watu mikononi wakaishia kulisha ng'ombe. Lakini ndizi mshale nzuri ya mtori sasa inapita mbele ya mwalimu aliyepanga hatua chache kutoka sokoni, naye anarudi nyumbani na sembe. Hata mwenye shamba huuza mkungu wenyewe akabaki na chana zilizochubuka.

Upande wa nafaka mambo ni yale yale. Ulezi bado unapandishwa mlimani, bado unapimwa kwa sado. Ila makopo ya sasa ni ya plastiki. Kitako hakigongwi tena, kinapashwa moto.