Pia Isiyochoka

Sisi tufundishao karibu na mwalo wa Kirumba, Mwanza, katika usiku wa giza huzitazama taa za wavuvi wa dagaa zikielea ziwani. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri, ambazo nuru yake hutoka katika kipande kidogo cha semikondakta. Elektroni zikishuka humo, hutoa nuru.

Siku moja tuliwaeleza wanafunzi kinyume cha jambo hilo, yaani nuru iingiayo na kuzipandisha elektroni. Tulisema ya kwamba kila elektroni ina hali iitwayo spini, nayo ni ya namna mbili tu, ya juu au ya chini. Tukaifananisha na pia ya watoto izungukayo kuume au kushoto. Ndipo mtoto mmoja wa mvuvi alipouliza, "Mwalimu, pia yangu huchoka ikaanguka. Hiyo ya elektroni huchoka lini?" Tuliona haya, tukasema, "Tutajibu kesho."

Usiku ule tulisoma tena. Wataalamu wawili, Uhlenbeck na Goudsmit, walitoa habari ya spini mwaka 1925. Lakini kama elektroni ingekuwa kijimpira kizungukacho kweli, uso wake ungepaswa kwenda upesi kuliko nuru, jambo lisilowezekana. Basi haizunguki, spini ni hali yake ya asili, wala haina kuchoka. Pia ni mfano wetu tu.

Asubuhi tulisimama mbele ya darasa, tukakiri kosa letu. Hakuna aliyecheka. Kisha tukachora mstari kwa kalamu ya risasi. Risasi hiyo kwa kweli ni kinywe, jiwe la tabaka tabaka lipatikanalo hata Mahenge. Mwaka 2004, huko Manchester, Geim na Novoselov walibandua tabaka moja la kinywe kwa utepe wa gundi, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Jiwe jingine, molibdenaiti, hubanduka vivyo hivyo, na tabaka lake moja ni semikondakta ambayo unene wake haufiki sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwaka 2012 wataalamu walionyesha ya kuwa nuru ijisokotayo kuume huamsha kundi moja la elektroni humo, na ya kushoto kundi la pili. Na kila kundi lina spini yake. Hivyo nuru huchagua spini, kama jicho la wavu lichaguavyo samaki.

Faida yake ni nini? Kompyuta zetu huzisukuma elektroni huku na huku, nazo hupata joto. Wataalamu watumaini kuandika habari kwa spini, ili joto lipungue. Lakini spini zilizochaguliwa huchanganyika tena upesi mno, na kazi ingali katika maabara.

Walimu wenzetu, tuliogopa kwamba heshima yetu ingepungua. Kumbe maswali ndiyo yaliyoongezeka. Sasa kila tutoapo mfano, yule mtoto huinua mkono: "Mwalimu, na huu waishia wapi?"